Nani Aliugua Kwanza Katika Nairobi?

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, njia zitokazo Kibera kwenda mjini hujaa watu waendao kwa miguu. Wengi wao hushika njia ya Upper Hill, mahali penye majumba marefu ya benki na kampuni za bima, Wizara ya Afya, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wafagiaji, walinzi, matarishi, wapishi, wajenzi na wayaya ndio waufunguao mlima ule, wakati wenye magari wangali wamelala. Jioni hurudi walikotoka. Atakaye kujua jinsi ugonjwa wa korona ulivyoenea Nairobi yafaa aitazame kwanza safari hiyo, kwa maana wataalamu nao, baada ya hesabu nyingi, wamefika papo hapo.

Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alijulikana tarehe 12 Machi, 2020, naye alikuwa amerudi kwa ndege kutoka ng'ambo. Baada ya siku tatu Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri, na tarehe 6 Aprili ikatangazwa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi. Wenye kazi za kalamu waliambiwa wafanyie kazi nyumbani kwa njia ya intaneti. Lakini sakafu haifagiliwi kwa intaneti, wala mtoto haogeshwi kwa simu.

Haukupita muda mrefu, yakaanza kusikika maneno kwamba watu wa mabanda ni wakaidi, hawashiki amri, nao ndio watakaouangamiza mji. Maneno hayo yana umri mkubwa Nairobi. Mwaka 1902 tauni ilipotokea, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya wakuu. Mwaka 1913 alikuja Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kuchunguza mambo ya afya, akashauri kwamba katika miji watu wa mataifa mbalimbali watengwe, kila taifa na mahali pake. Maofisa Wazungu wa reli walikuwa wamekwisha kujijengea nyumba juu ya mlima, na vibarua wakakaa chini penye unyevu. Ugonjwa ulihesabiwa kuwa mali ya mtu wa chini, naye wa juu akatakiwa kumwepuka, ijapokuwa alimhitaji kila asubuhi ampikie chai.

Je, ni kweli kwamba watu wa mabanda walikaidi? Mwanzoni mwa Mei, 2020, wachunguzi waliwauliza watu 213 katika mitaa mitano ya mabanda ya Nairobi maswali ambayo karani yeyote angeweza kuyaandika: jana ulikutana na nani, mlishikana mikono, mlizungumza kwa karibu, mlivaa barakoa? Majibu yalipolinganishwa na hali ya kabla ya ugonjwa, ilionekana kwamba kugusana kwa watu kumepungua kwa asilimia 62. Katika mikutano 92 kati ya kila 100, angalau mmoja wa waliokutana alikuwa amevaa barakoa. Kwa kipimo hicho, mgonjwa mmoja asingeweza kuambukiza hata mtu mmoja kamili, na ugonjwa ungezimika wenyewe kama moto uliokosa kuni.

Amri, basi, ilishikwa. Lakini wachunguzi hao hao waliuliza pia habari za mfuko na sufuria. Watu 86 katika kila 100 walisema wamepoteza mapato yao, yote au sehemu. Watu 74 katika kila 100 walisema wanapunguza chakula au wanaruka mlo kwa kukosa fedha. Tarehe 10 Aprili chakula cha msaada kilipoletwa Kibera, umati ulisongamana hata watu wakaumia. Mtu alipwaye kwa siku aweza kukaa nyumbani wiki tatu, pengine sita. Baada ya hapo atatoka, na atakayemwita mkaidi hajawahi kuamka asubuhi bila unga ndani ya nyumba.

Wakati huo huo damu nayo ilikuwa ikichunguzwa. Mnunuzi wa mahindi hafungui kila gunia akamimina chini. Huchoma chuma chembamba katika magunia machache, akatoa punje, akajua hali ya shehena nzima. Ndivyo walivyofanya wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, pamoja na wenzao wa Wellcome. Walichukua damu ya watu 3,098 waliojitolea kuchangia damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, 2020, wakatafuta ndani yake kingamwili, yaani alama ambayo ugonjwa huiacha mwilini hata kama mtu hakujua kwamba ameugua. Baada ya kurekebisha hesabu walipata asilimia 4.3 kwa nchi nzima. Mombasa asilimia 8.0, Nairobi 7.3, Kisumu 5.5. Asilimia hiyo ya watu wazima wa Kenya ni yapata watu milioni moja. Lakini hata ilipofika tarehe 31 Julai, daftari la Serikali lilikuwa na wagonjwa 20,636 tu, na waliokufa 341. Ugonjwa ulikuwa umepita katika nyumba nyingi bila kubisha hodi.

Mwezi wa Novemba, 2020, uchunguzi mwingine ulifanywa nyumba kwa nyumba katika Nairobi yenyewe, na ikaonekana kwamba zaidi ya theluthi moja ya wakazi walikuwa na alama hiyo katika damu.

Jambo lililowashangaza wengi ni mawimbi. La kwanza lilipanda kati ya Juni na Agosti, 2020, likashuka ijapokuwa amri zilikuwa zikilegezwa. Njia za Nairobi zilikuwa zimefunguliwa tarehe 7 Julai. Kisha, Oktoba na Novemba, likaja la pili. Kwa nini ugonjwa ushuke wakati watu wanaachiliwa, kisha upande tena? Mwaka 2021 wataalamu wa KEMRI na Wellcome walioko Kilifi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walitoa jibu. Walijaribu kuwahesabu watu wa mijini si kama kundi moja bali mawili: wale wawezao kukaa nyumbani na wale wasioweza. Mara hesabu zikakubaliana na vipimo vya hospitali na vya damu pia. Wimbi la kwanza lilikuwa hasa la watu wa kipato cha chini, waliorudi kazini mapema kwa sababu ya njaa. Lilishuka kwa kuwa miongoni mwao wengi walikuwa wamekwisha kupatwa. Wimbi la pili lilikuwa hasa la wenye nafasi, waliojifungia kwa miezi mingi, kisha wakaanza kutembeleana. Ugonjwa ukawakuta kama nyasi kavu ambazo moto wa kwanza haukuzifikia. Wimbi la tatu, la Machi na Aprili, 2021, lina sababu nyingine: lililetwa na aina mpya za kirusi zilizoambukiza kwa urahisi zaidi.

Hesabu za namna hii si ushahidi wa macho, wala wenye kuzifanya hawadai hivyo. Lakini zimegeuza lile swali la zamani. Simpson aliuliza mtu ni wa taifa gani na anakaa wapi. Wataalamu wa Kilifi wameuliza mtu huyo aweza kukosa mshahara kwa siku ngapi. Jibu la swali hili ndilo lililoonyesha nani atatangulia kuugua, na mlima haukuwa ngome, ila ulichelewa tu.

Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi, 2021, na siku mbili baadaye kazi ya kuchanja ikaanzia Hospitali ya Kenyatta, papo hapo Upper Hill. Waliotangulizwa ni wafanyakazi wa hospitali, na si rahisi kuwaonea kijicho, maana wao walilala na ugonjwa chumba kimoja. Wakafuata walimu, polisi, na watu wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Mfagiaji, mlinzi na yaya, wapitao mbele ya lango la hospitali ile kila asubuhi, hawakutajwa kwa kazi zao katika awamu ya kwanza. Watu wakaao mahali pa msongamano walikuwa wamewekwa katika awamu ya tatu.