Usitupe Turnediski ya Mzee



Katika nyumba fulani za wafanyakazi wa shaba, hapa Kapata kama vile ku Kolwezi yote, turnediski ya zamani ingali juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa. Kando yake kuna diski za nkambo. Ukiiwasha inazunguka vizuri, lakini sauti haitoki, ao inatoka kama mtu mwenye mafua. Vijana wanasema: "Ile kintu ilishakufa, tuiuzishe tu kwa kilo." Mzee ananyamaza.

Ngojeni kwanza. Mara mingi mashine haikufa. Kilichogonjwa ni kichwa chake tu, kile mafundi wanaita selile. Ni kitu kidogo, kinalingana na kipande cha kidole, pale penye kushika sindano.

Kazi yake ni hii. Diski ina mfereji mwembamba unaozunguka. Sindano inapita ndani na inatetemeka. Selile inageuza ule mtetemo kuwa umeme kidogo sana, na ule umeme unapelekwa ku bafle. Kuna selile za namna mbili. Ya kwanza iko na sumaku na waya ya shaba nyembamba kupita unywele. Sumaku yenyewe mara mingi imechanganywa na kobalti. Shaba na kobalti: njo madini yale yale ambayo baba zetu walitoa katika udongo wa Kolwezi! Namna ya pili iko na kristali ya chumvi, lakini si ile ya chakula. Chumvi hii inaogopa joto na unyevu. Majira ya mvua yakipita mingi, inaharibika kabisa, na hakuna fundi wa kuifufua. Sherti kutafuta selile nyingine, kwa mfano ya seramiki, ambayo inatoa nguvu karibu sawa. Ukiweka ile ya sumaku pahali pa kristali, sauti itakuwa ndogo sana, kwa sababu inaomba kifaa kingine cha kuongeza nguvu.

Basi, mbele ya kununua kitu, fanyeni hivi.

Kwanza, shusha sauti, kiisha pitisha brashi laini kabisa kwenye ncha ya sindano. Ukisikia kelele ku bafle, selile ingali na uzima.

Pili, kama bafle moja tu inanyamaza, zima mashine na ubadilishe waya za kuume na za kushoto nyuma ya selile. Rangi ni hizi: nyekundu na kijani ni za kuume, nyeupe na buluu ni za kushoto. Kama ukimya umehamia ku bafle ya pili, ugonjwa uko mu selile. Kama umebaki pale pale, selile haina kosa. Tafuta mbele, katika waya ao katika mashine yenyewe.

Tatu, safisha vile vijiti vinne ambamo waya zinaingia, maana kutu inazuia umeme. Kama kishikio kimelegea, kibane polepole na pensi ndogo. Lakini usichomelee waya juu ya vijiti vyenyewe. Moto wa chuma cha kuchomelea unapanda ndani na kuua selile mara moja.

Nne, angalia sindano kwa kioo cha kukuza. Sindano ya safiri inachoka kisha masaa 50 hivi. Ya almasi inaweza kupita masaa 500. Ikiisha kuchongoka vibaya, inakata mfereji kama jembe. Sindano mpya zinatengenezwa hata leo. Chukua jina na namba ya selile mbele ya kuagiza.

Hapa sikilizeni vizuri sana. Diski nzito za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, mfereji wake ni mpana. Zinaomba sindano nene. Diski za mizunguko 33, zilizotoka tangu 1948, zinaomba sindano nyembamba, karibu theluthi moja ya ile. Selile nyingi za kristali ziko na sindano mbili na kifimbo kidogo cha kugeuza. Usipogeuza, sindano nene itaharibu diski nyembamba, na haitapona tena. Tena, usisafishe diski ya 78 na alkoli hata kidogo! Imetengenezwa kwa shelaki, gundi inayotoka kwa wadudu, na alkoli inaiyeyusha. Tumia maji kidogo yenye sabuni laini, usilowanishe karatasi ya katikati, na upanguse na kitambaa safi.

Juu ya nini tujisumbue hivi? Katika mwaka 1952, Hugh Tracey alitoka Afrika ya Kusini, akamkuta Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akashika sauti yake na gitaa yake. Wimbo "Masanga" ukatoka ku diski ya 78 na kuzunguka Afrika. Mwenda alikufa katika 1990, lakini vidole vyake vingali ndani ya ule mfereji. Nyimbo zake zinapatikana pahali pengine pia. Lakini kuna wengine walioimba ku diski chache tu, na pengine moja yao iko chini ya kabati yako.

Sindano ikivunjika, tutanunua nyingine. Diski ya nkambo ikikatwa, nani atatuuzishia nyingine?

Kijana, mbele ya kupeleka mashine ku kilo, keti na mzee, mfungue kile kichwa kidogo pamoja. Wewe una macho makali. Yeye anajua nani anaimba.

Tuonane mwezi ujao.