Kiswahili na Kipimwe kwa Kazi

Imekuwa ada katika kumbi zetu za mihadhara kusikia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Dai hilo hujibiwa kwa hotuba na maazimio, na aghalabu mambo huishia papo hapo. Naonelea kwamba lugha hupimwa kwa kazi. Na tuchukue kazi ngumu kwa makusudi: redio ya mawimbi mafupi, ya kupokea na kutuma sauti, ambayo mwanaridhaa mwenye leseni anaweza kujiundia mezani kwa transista, koili na kapasita.

Sauti inapotumwa kwa mtindo wa AM, hewani huenda vitu vitatu: wimbi mbebaji, na pande mbili za sauti, mmoja juu ya mbebaji na mwingine chini yake. Mbebaji hana ujumbe wowote, ilhali humeza angalau theluthi mbili za nguvu zote. Pande nazo ni pacha. Asemalo huyu ndilo asemalo yule. Mwaka 1915 John Carson wa Marekani alitambua kwamba kutuma upande mmoja kunatosha.

Je, upande usiotakiwa huondolewaje? Waweza kuuchuja kwa fuwele. Njia nyingine, ambayo Ralph Hartley alipata hataza yake mwaka 1928, ni ya awamu. Sauti hugawanywa nakala mbili zilizopishana kwa robo ya duru, yaani nyuzi 90. Wimbi la redio nalo hugawanywa vivyo hivyo. Kila jozi huingia katika kichanganyio chake chenye mizani, ambacho humfuta mbebaji. Mazao ya vichanganyio hivyo yakijumlishwa, upande mmoja huongezeka, na mwingine hukutana na kinyume chake ukatoweka. Ugumu uko katika kulinda nyuzi hizo 90 kwa sauti zote, nene na nyembamba. Kosa la nyuzi 1 tu huuacha upande uliofutwa na nguvu ya takribani sehemu 1 kwa 13,000 ya mwenzake. Kosa likikua, mnong'ono huo hugeuka kelele.

Msomaji amefuata maelezo hayo bila kukimbilia Kiingereza. Yapo maneno ya mkopo, naam, lakini hata karatasi, meza na shule yalikuja kwetu kwa mkopo. Wala si kwamba istilahi hazijaundwa: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kilichopungua ni maandishi yanayozitumia. Kamusi hutaja, haifundishi mtu kuunda kitu.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itabaki pambo iwapo fundi anayezungumza Kiswahili kutwa kucha atalazimika kujifunza ufundi wake kwa lugha asiyoimudu. Huyo ndiye anayepoteza, si sisi wenye shahada.

Napendekeza basi kwamba kila toleo la jarida hili liwe na ukurasa mmoja wa maelezo ya chombo, ulioandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili akishirikiana na wa uhandisi. Kisha apewe fundi aunde kwa kufuata maandishi hayo pekee. Chombo kikifanya kazi, lugha imefaulu. Kikikwama, turudi tukasahihishe sentensi. Mtihani huo ni mkali kuliko kongamano lolote, na utatufaa zaidi. Penye nia pana njia.