Sheria hukimbia akishika bunduki mtu mweusi

Wasomaji wangu, hebu tuulizane. Mei 1967 Black Panther waliingia na bunduki zao bungeni California kupinga muswada wa kuzuia kubeba silaha zenye risasi hadharani. Julai hiyohiyo Gavana Ronald Reagan akausaini. Chapuchapu!

Juni 2015 kijana mzungu mbaguzi, miaka 21, akaua weusi 9 kanisani Charleston. FBI wenyewe walikiri hakustahili kuuziwa bastola. Aliuziwa kwa kuwa uchunguzi wake haukuisha ndani ya siku 3 za kazi. Mpaka leo mwanya huo umo katika sheria ya taifa kwa wenye umri kama wake.

Eti ni uhuru. Uhuru wa nani jamani?

Naomba kuwasilisha.