Fizikia Iliyomo Guniani

Sikubaliani na wanaodai kwamba shule isiyo na maabara haiwezi kufundisha sayansi ya kisasa. Hapa Kericho na Bomet, mtoto wa mkulima ajua kuwa majani mabichi ya chai yakishindiliwa guniani hupata joto, hugeuka mekundu, na kiwandani hukataliwa: joto limekosa njia. Ndivyo ziunguavyo transista za utando wa nanotyubu, vile vimirija vya kaboni alivyovieleza Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Kimirija kimoja hupitisha joto vyema ajabu. Lakini joto hukwama pale vimirija vinapogusana, na plastiki iliyo chini ya utando hulizuia. Walimu, anzeni somo guniani, kisha nendeni ubaoni. Mwanafunzi aliyeelewa gunia hataiogopa transista.