Mtego si ujangili: kosa langu la tafsiri

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Mwaka jana, wakati wa likizo ya kiangazi, nilipewa kazi ndogo ya malipo: kutafsiri karatasi ya ukurasa mmoja kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Ilikuwa karatasi ya kuwahamasisha watu waache kuua wanyama wa porini. Maneno mawili yalirudiwa humo tangu juu hadi chini, «piège» na «braconnier». Sikuhangaika. Niliandika «mtego» na «jangili», nikafunga kwa sentensi ambayo wakati ule niliiona nzuri: «Kutega ni ujangili, na jangili hufungwa.» Nikalipwa, nikanunua viatu.

Karatasi hizo zikagawiwa hadi kwetu Kasha. Kwa msomaji asiyepajua, Kasha iko upande wa Bagira, pale mji wa Bukavu unapoanza kugeuka shamba. Nyumba ni nyingi, lakini kati yake kuna muhogo, viazi vitamu, maharagwe na migomba. Na chini ya vyote hivyo kuna fuko.

Jirani yetu mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, amekuwa mtegaji wa mtaa tangu mimi sijazaliwa. Mama anayeona muhogo wake unanyauka bila sababu humtuma mtoto kumwita. Jioni moja mzee huyo alikuja nyumbani na karatasi yangu mkononi, imekunjwa mara nne. Akasalimia, akauliza habari za masomo, akakaa. Kisha akasema: «Mwana wani, unisomee tena pale penye unasema jangili.» Nikasoma. Akanyamaza kidogo. «Sasa mi niko jangili?»

Nilimjibu haraka kwamba hapana, yeye hahusiki, karatasi inasema juu ya msitu. Akaweka kidole kwenye sentensi yangu nzuri. «Wapi wameandika msitu? Wameandika kutega.»

Alikuwa na haki. Mimi ninayesoma isimu ya lugha za Kiafrika nilikuwa nimechukua neno la kazi yake ya maisha na kuligeuza jina la kosa la jinai.

Nieleze anachofanya, kwa kuwa wenzangu wengi wa mjini hawajawahi kukiona. Fuko ni mnyama wa manyoya laini, mwenye macho madogo kama mbegu na meno mawili ya mbele yaliyotokeza nje ya midomo. Kwa meno hayo huchimba. Jina lake la kisayansi, Tachyoryctes, maana yake kwa Kigiriki ni mchimbaji wa haraka. Huishi peke yake katika njia zake za chini ya ardhi, na udongo anaouchimba huusukuma juu, ukawa kichuguu kidogo. Hula mizizi akiwa chini. Unaweza kung'oa shina la muhogo lenye majani mazuri na likaja jepesi, hakuna kitu.

Mvua za Septemba zinapolainisha udongo, vichuguu vipya huonekana asubuhi, na mzee huanza kazi. Hutafuta kichuguu chenye udongo ambao bado una unyevu. Hupasua njia kwa jembe, huisafisha kwa mkono, huweka kitanzi ndani. Kitanzi hufungwa kwenye fimbo iliyochomekwa ardhini na kupindwa kama upinde, na kinachoizuia fimbo isinyooke ni uzi mwembamba uliopita katikati ya njia. Hakuna chambo. Nilimuuliza kwa nini. «Fuko haipendake upepo,» alisema. Njia yake ikiwa wazi, fuko huja kuiziba. Husukuma udongo, hukuta uzi, huukata kwa meno. Fimbo inaruka, kitanzi kinabana. Mtego huo haumpati mbuzi, haumpati mtoto, haumpati paka wa jirani. Umetengenezwa kwa tabia ya mnyama mmoja tu.

Hulipwa kwa kila fuko, na anayelipa hutaka kumwona kwa macho yake. Nyama yake wengine hula, wengine hata kuigusa hawataki. Hayo ni ya kila nyumba.

Msimu ule hakutega. Karatasi peke yake isingemzuia, lakini mjukuu wake alisimamishwa njiani na mtu mwenye sare aliyemkuta na vitanzi mfukoni. Akaulizwa kama hajui kusoma, akaonyeshwa Kiswahili changu, na simu yake ikabaki huko. Baada ya hapo mzee aliweka fimbo zake juu ya dari. Mama yangu mdogo alivuna viazi robo ya alivyozoea. Siwezi kusema hasara yote ilitokana na fuko, kwa maana mvua nayo ilicheza. Lakini vichuguu nilivihesabu mimi mwenyewe katika shamba lake, vilikuwa 19.

Sasa tuje kwenye lugha. Shina la -teg- ni la zamani sana katika lugha zetu. Sisi kwa Mashi tunasema okurhega, jirani zetu wa Rwanda gutega, Waganda okutega. Na kila mahali limezaa maana zinazohusu akili na uvumilivu. Mswahili hutega sikio. Mnyarwanda naye husema gutega amatwi. Kwa Kiganda, kuelewa ni okutegeera. Watu wa pwani hata fumbo hulitega: mmoja husema «Kitendawili», wengine humjibu «Tega», na mwenye jibu hukitegua. Hakuna popote ambapo shina hili lenyewe lina maana ya wizi.

«Jangili» ni neno lingine kabisa. Asili yake ni Bara Hindi, likatufikia kupitia pwani, na leo katika magazeti ya Tanzania na Kenya ni mtu anayeua tembo na faru kinyume cha sheria. Ni neno zuri kwa kazi hiyo. Kosa langu halikuwa kulitumia. Kosa lilikuwa ile alama ya sawasawa niliyoiweka kati yake na kutega.

Sitaki mtu aseme nautetea waya wa msituni. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo makao yake ya Tshivanga yako kiasi cha kilomita 30 kutoka hapa mjini, ilikuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, ikaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Humo wamo gorila wa Grauer, ambao hawapatikani porini popote pengine duniani ila mashariki mwa Kongo. Waya wa breki ya baiskeli, ukifungwa kitanzi na kuwekwa kwenye njia ya wanyama, hauchagui. Umewekwa kwa ajili ya swala mdogo au nguruwe, lakini gorila akipitisha mkono, unabana mkono. Hujivuta, waya unaingia nyamani, na wako waliopoteza kiganja kizima namna hiyo. Aliyeuweka akiugua, akikimbia vita au akisahau mahali, waya unabaki pale miezi na miezi ukiendelea kuua, na nyama inaoza bila kuliwa na mtu.

Nilimweleza mzee hayo yote. Nilitegemea atasema kwamba ndiyo, hata huko wanatega vibaya. Akakataa neno lenyewe. Kwake, kutega ni pamoja na kurudi. Anayeweka mtego asubuhi lazima aupitie jioni, na asipoweza kuupitia aufungue. Anayeweka waya na kwenda zake, «ule hatege, ule anaachaka waya.»

Nilikaa na sentensi hiyo siku nyingi. Katika mihula minne ya somo la istilahi sikuwahi kupewa tofauti iliyo wazi kiasi hicho. Na ilikuwa hapo Kasha, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakati mimi natafsiri kwa kamusi.

Katika somo hilohilo tuliwahi kupewa kifungu cha Kifaransa juu ya wategaji wa Kanada wanaotafuta manyoya wakati wa baridi kali, kwa kuwa ndipo manyoya ya mnyama huwa mazito. Kulikuwa na mnyama wa mitoni anayechimba kingo, ambaye tulimtafsiri kwa kubahatisha kuwa panya wa miski. Darasa lilicheka sana: theluji, panya na makoti ya matajiri, vinatuhusu nini? Baadaye nilimsoma zaidi mnyama huyo. Mwaka 1905 aliletwa Ulaya, karibu na Prague, akaenea hadi Uholanzi, nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari na inalindwa na kingo za udongo. Panya wa miski hutoboa kingo hizo. Basi Waholanzi wameajiri wategaji, wanaolipwa na mamlaka za maji, na hiyo ni kazi ya heshima kama kazi nyingine. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya, Kanada na Urusi walikubaliana viwango vya mitego: mnyama kwa mnyama, kwa majina, panya wa miski akiwemo, na ni mtego upi unaokubalika kwa yupi kulingana na mateso unayomletea.

Yaani wenzetu walikaa mezani kutenganisha mtego na mtego. Mzee wetu ameshatenganisha, bila meza. Sisi wenye diploma ndio tuliochanganya.

Na jambo hili si la mapambo. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Sheria ya kuhifadhi mazingira ya asili ni ya Februari 2014, kwa hiyo kifungu hicho kinaihusu. Niliowauliza Kasha, vijana kwa wazee, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona kwa Kiswahili. Walichokiona ni karatasi yangu. Kwao hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na mtu mwenye sare aliitumia kama sheria.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili alisoma rasimu ya makala haya akaniambia kwamba napoteza muda: ukiwaambia watu kuna mtego halali, kila mtu atatega popote na kusema anatafuta fuko. Nimefikiri juu ya hoja hiyo, na sioni kwamba neno butu linamzuia mtu wa aina hiyo. Anayeingia msituni usiku na waya ishirini anajua anachofanya, na karatasi za kanisani hazimfikii. Neno butu linampata yule anayetembea mchana na fimbo zake begani.

Ninachoomba kwa kitivo chetu ni kidogo. Kila mwaka tunapokea tasnifu juu ya methali, juu ya majina ya watu, juu ya salamu. Nimezisoma nyingi, baadhi ni nzuri na baadhi zinanakiliana. Tupokee tatu tu juu ya mitego: moja ya Mashi, moja ya Kihavu, moja ya Kitembo. Na tusiende kwa wakulima peke yao. Wabatwa waliotolewa katika msitu wa Kahuzi miaka ya 1970, ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu imetambua katika uamuzi uliotolewa hadharani mwaka 2024 kwamba haki zao zilivunjwa, ndio waliojua njia ya kila mnyama humo. Wale waliozaliwa msituni sasa ni wazee. Watoto wao wamekulia pembezoni mwa mashamba ya watu, na neno la mtego ambao hujawahi kuuona ukiwekwa halikai kichwani. Tuwaendee kwa adabu, tuwalipe kwa muda wao, na majina yao yaandikwe juu ya kazi kama ya walimu.

Mimi nimeanza kwa mzee wangu. Daftari lina kurasa 11 mpaka sasa: mtego wa kunyanyua, wa kubana, wa kuangusha jiwe, wa shimo, na kila mmoja na mnyama wake, na mingine ambayo yeye mwenyewe anasema haifai tena na anaitaja kwa sauti ya chini. Ile karatasi nimeiandika upya kwa gharama yangu, nakala 40. Sentensi ya mwisho sasa inasema: «Usiache waya msituni.» Nilimpelekea mzee aisikilize kabla ya kuchapisha. Alinifanya niirudie mara mbili, kisha akaniuliza kama nafasi ipo ya kuongeza pale chini kwamba mwenye simu ya mjukuu wake airudishe.