BONGO MOVIE: SHABIKI HAKUWAKIMBIA, NYIE NDO MLIMKIMBIA

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, aliyekuja kwa ajili ya huo apite tu, kesho tutauleta. Leo nina dukuduku na nalitoa lote.

Juzi kati nilimsikia staa mmoja wa kike wa filamu zetu, jina kapuni, akihojiwa redioni. Akaulizwa mbona siku hizi filamu zenu hazitikisi kama zamani. Jibu lake: Watanzania hawana uzalendo. Eti tunapenda vya nje, eti tuna roho mbaya, hatutaki kumwona mwenzetu anafanikiwa, ndo maana kazi zao hazinunuliki. Mtangazaji badala ya kumbana akaitikia "kweli kabisa dada". Haijapita siku nyingi mwingine, huyu wa kiume, naye jina kapuni, akaposti picha kakaa ndani ya gari kali, akaandika kwamba anayemkosoa aingie yeye mbele ya kamera tuone.

Sasa naomba niwajibu, maana sisi mashabiki hatuitwi redioni.

Tuanze na hilo la kutopenda vya nyumbani. Dada yangu, wewe kwa umri wako unakumbuka vizuri kuliko mimi. Enzi za Kaole pale ITV, nyumba yenye tivii ilikuwa inajaza watu mpaka dirishani, watoto wamekaa chini, wakubwa wamesimama. Hakuna aliyekuja kutuhubiria uzalendo. Ikaja filamu ya Girlfriend mwaka 2003 watu wakaona kumbe hata sisi tunaweza, na kuanzia hapo ikawa mwendo. Mimi nimekulia kwenye kukodi. Unatoa jero, unapewa CD, kesho saa nne uwe umerudisha, ukichelewa unalipa tena. Mama mdogo wangu alikuwa anauza vitumbua na bado kila Ijumaa hela ya kukodi ilikuwepo. Alikuwa anatenga kabisa. Ulimwengu mzima ulikuwa unaleta filamu zake hapa mjini, Wahindi, Wachina, Wanigeria, Wamarekani, na yeye alikuwa anakwenda kuulizia ya Kanumba imetoka?

Na Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 mliona wenyewe. Waliojaa Leaders Club na makaburi ya Kinondoni siku ya mazishi hawakuwa ndugu zake. Walikuwa wauza mitumba, wanafunzi, makondakta, akina mama waliofunga vibanda vyao siku hiyo. Watu walizimia kwa ajili ya mtu ambaye hawajawahi kumshika mkono. Halafu leo mtu anakaa redioni anasema hawa hawa hawapendi chao!

Mzee Majuto je? Alipotutoka Agosti 2018 nchi nzima ilimlilia, na mpaka leo vipande vyake vinazunguka kwenye simu. Kuna watoto hawakuwahi kumwona akiwa hai wanamcheka mpaka wanashika mbavu. Majuto hakuhitaji jumba la ghorofa la kuazima ili uangalie kazi yake. Akisimama tu kwenye mlango wa nyumba ya udongo, ameshakumaliza.

Kwa hiyo mapenzi yalikuwepo. Tuambiane ukweli yalikwenda wapi.

Mnaikumbuka Part 1 na Part 2? Soko la wakati ule lilitaka filamu itoke vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili. Sawa, biashara, sikatai. Ila stori ilikuwa ya dakika hamsini na diski zilikuwa mbili, sasa mkafanyaje? Mkavuta. Gari linaonekana barabarani. Gari linapiga honi getini. Mlinzi anatoka kibandani anakimbia, anafungua geti upande mmoja, anafungua upande wa pili. Gari linaingia. Geti linafungwa. Staa anashuka, anavua miwani, anaangalia nyumba kama ndo anaiona leo wakati ni kwake. Anapanda ngazi, zote, moja moja, na wimbo unapigwa wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Anafika sebuleni, anakaa, simu inaita. "Haloo. Niko nyumbani. Haya." Anakata. Anashuka ngazi. Anarudi kwenye gari. Mlinzi anakimbia tena getini!

Jamani. Sisi tulikaa tukaangalia geti. Tena tulilipia.

Na sauti? Mtu anatongozwa kitandani usiku wa manane, nyuma unasikia jogoo na muuza maji. Kilio cha msibani kinazidiwa na jenereta. Majina sasa, filamu nzima ni Kiswahili lakini jina lazima liwe la Kizungu, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini ukiyasoma unasahau hata Kiswahili chako. Mwisho majina yanapita: hadithi yeye, skripti yeye, dairekta yeye, prodyuza yeye, staa yeye. Mtu mmoja kazi tano, na zote tano kazifanya ndani ya wiki moja kwenye nyumba ile ile ya Mbezi tuliyoiona kwenye filamu iliyopita. Ile sofa nyekundu mimi naijua kuliko ya kwetu.

Najua wataniambia wizi. Nakubali, wizi ulikuwepo na upo. Kuna vibanda ukipeleka flashi unajaziwa filamu ishirini kwa hela ya chai, na msanii hapati hata mia. Hilo linauma na mimi siwatetei hao jamaa. Lakini jiulizeni, filamu za nje nazo si zinaibiwa kwenye kibanda hicho hicho? Na yule kijana wa flashi ukimuuliza anajazia watu nini sana siku hizi atakwambia Wakorea. Zamani alikuwa anawaibia nyie. Siku hizi hata kuwaibia hawaibi, hiyo ndo ingewatisha.

Halafu kuna ile ya mwaka 2017 ambayo hawapendi tuikumbushe. Aprili wasanii wa filamu waliingia mtaani Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Hoja ya kodi ilikuwa na maana, nasema wazi. Ila nilichokiona mimi ni watu wa mtandaoni, wale wale waliolia 2012, wakiwacheka. Maneno yalikuwa yale yale kila mahali: tengenezeni filamu nzuri. Ile ilikuwa nafasi ya kukaa chini na kujiuliza imekuwaje tumefika hapa. Badala yake mashabiki wakaitwa wasaliti, na wimbo wa uzalendo ndo ukashika kasi mpaka leo.

Niwaambie kitu kuhusu hivyo vya nje. Mnadhani tunavipenda kwa sababu ni vya nje. Nendeni kibanda umiza chochote. Enzi za Lufufu, watu walikuwa hawaangalii Mchina, walikuwa wanamsikiliza Mswahili anayemwelezea Mchina! Yule jamaa alikuwa anaichukua filamu ya watu na kuifanya ya Manzese, anawapa majina ya mtaani, anaweka utani wake, na ukumbi unalipuka. Ikaja Sultan pale Azam, tamthilia ya Waturuki, mambo ya kifalme ya miaka mia tano iliyopita, yametiwa sauti za Kiswahili na Watanzania wenzetu. Wamama walikuwa wanakatisha vikoba wawahi Sultan. Sasa niambie, mama wa Tandika ana uhusiano gani na mfalme wa Istanbul? Hana. Alichokuwa nacho ni stori ambayo ikiishia pabaya leo hapati usingizi mpaka ajue kesho itakuwaje. Wivu, wake wenza, mtoto wa nani atarithi. Haya mambo hayapo uswahilini kwetu? Yamejaa! Mngeweza kuyachukua hapa hapa bila nauli.

Na sisemi haya kwa sababu nimewakatia tamaa wote. Siri ya Mtungi ilipotoka mwaka 2012 nilikuwa mdogo lakini niliona tofauti, watu wanaongea kama watu, nyumba za kweli, hata ukimya una maana. Huba imewashika watu miaka. Jua Kali ikianza nyumbani kwetu hakuna kuongea. Vuta N'kuvute imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi na mwaka 2021 ikafika tamasha la Toronto huko Kanada, ya Kiswahili, ya Zanzibar, hapa hapa. Hawa nao wana mashabiki hawa hawa mnaosema hawana uzalendo. Kwao tumepona roho mbaya ghafla?

Kinachoniuma zaidi ni hili neno heta. Ukisema filamu ilikuwa mbovu, wewe heta. Ukisema sauti haisikiki, heta, umetumwa na timu ya fulani. Timu zenyewe hizi sijui nani aliyeziweka kwenye sanaa yetu. Kuna watu wako tayari kutukana mama wa mtu asubuhi mpaka jioni kwa ajili ya staa wao, ukiwauliza filamu yake ya mwisho ilihusu nini hawajui. Hawajaiangalia. Wanajua nyumba aliyojenga, gauni alilovaa, bwana aliyemwacha. Na mastaa mnawapenda hao, mnawaita "familia", mnawarepost. Mimi niliyeangalia mpaka majina ya mwisho yanapita, nikaandika kwamba yule mzee aliyecheza mjomba anastahili nafasi kubwa zaidi, mimi nikapigwa bloku. Na simlilii aliyenibloku, abaki na familia yake.

Nina rafiki yangu, fundi simu wa huku kwetu Mbagala. Elimu yake kama yangu, Form Four imeishia hapo. Aliandika skripti kwa mkono, kaunta buku mbili zimejaa. Inahusu binti anayekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni na mdogo wake anayebaki kupokea hela anazotuma. Nimeisoma, usiku mmoja sikuweka chini. Akaipeleka kwa mmoja wa hawa wakubwa, simtaji, pale lokesheni. Alisubiri tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Swali la kwanza aliloulizwa siyo inahusu nini. Aliulizwa, "Kijana, una followers wangapi?" Alikuwa nao mia tatu na kitu. Akaambiwa aje tena akiwa na elfu kumi. Kaunta buku hazikufunguliwa.

Sasa hapo nani hapendi cha nyumbani, bosi?

Na siyo yeye tu. Hii nchi ina stori mpaka za kumwaga. Sisi tulioishia kidato cha nne tu tumesoma Watoto wa Mama N'tilie, tumesoma Takadini, darasa zima linagombania kitabu kimoja. Elvis Musiba ametuachia Willy Gamba wake, mpelelezi anayetembea Afrika nzima, watu wa umri wa baba yangu wakimwongelea utadhani walisoma naye. Ben Mtobwa naye ameiandika Dar es Salaam ya usiku mpaka unasikia harufu. Waandishi hai wapo, wanaandika stori za kuendelea kwenye Facebook na WhatsApp, watu wanalipia buku kusoma sehemu inayofuata. Buku! Kwa maandishi matupu, hayana staa wala gari. Halafu wewe una kamera, una taa, una jina, unaniambia watu hawataki kulipa.

Kulipa tunalipa. Tunalipia king'amuzi, tunanunua bando la usiku tuangalie YouTube. Tunatoa hela tusiyokuwa nayo. Tunachokataa ni kulipia geti.

Kwa hiyo dada yangu wa redioni, nimesikia una filamu mpya inakuja, umesema ni "ya kimataifa". Sawa. Ikitoka nitainunua kwa hela yangu, halali kabisa, siombi linki kwa mtu. Nitaangalia na mama mdogo, naye siku hizi ana mgahawa lakini filamu bado anapenda. Tutaangalia mpaka majina ya mwisho. Ikiwa nzuri nitaandika hapa hapa kwa herufi kubwa na nitawapigia simu watu wainunue. Na mlinzi akikimbilia lile geti nitahesabu dakika, nitaziandika pia.

Wapambe wa pande zote, povu ruksa. Ila anayetaka kunitukana ataje kwanza filamu ya Kibongo aliyoilipia mwaka huu.