Afrika idai mgawo mpya wa hisa za IMF



Natoa maoni yangu juu ya mazungumzo ya mataifa kuhusu misukosuko ya uchumi wa dunia. Wengi huyaona kuwa ni mambo ya mawaziri na mabalozi tu. Mimi nasema yanamhusu hata mkulima wa pamba wa huku kwetu Maswa.

Mwaka 2008 mabenki ya Marekani, ambayo yalikuwa yamekopesha ovyo fedha za kununulia nyumba, yaliyumba, na mwezi Septemba benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Hakuna mkulima wa Tanzania aliyetia saini mikopo ile. Hata hivyo bei ya pamba katika soko la dunia ilianguka na wanunuzi wakapata hasara. Juni 2009 Serikali yetu ililazimika kutangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, ambamo ilikuwamo fidia kwa wanunuzi wa pamba na kahawa. Moto uliwashwa mbali, ndoo za maji tukabeba sisi.

Je, ni nani waliokaa kutafuta dawa? Tarehe 2 Aprili 2009 viongozi wa kundi la G20 walikutana London. Afrika ilikuwa na mwanachama mmoja tu, Afrika Kusini. Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, aliingia kwa kualikwa. Waliafikiana juu ya mpango wa dola trilioni 1.1. Ndani yake zilikuwamo dola bilioni 250 za akiba mpya ambayo Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, huwagawia wanachama wake na ambayo nchi ikibanwa huweza kuibadilisha kwa fedha za kigeni. Lakini akiba hiyo haigawiwi kwa kuangalia aliyeumia zaidi. Hugawiwa kwa hisa, na hisa hufuata hasa ukubwa wa uchumi. Kwa hiyo nchi maskini kabisa, zote pamoja, zilipata chini ya dola bilioni 20.

Juni mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wake New York juu ya jambo hilo hilo. Huko nchi zote 192 zilikuwa na haki sawa ya kusema. Wakuu wa mataifa tajiri, karibu wote, hawakwenda. Walikuwa wamekwisha kumaliza shauri lao London.

Mtu anaweza kusema hayo yamepita. Hayajapita. Ulipokuja ugonjwa wa korona, IMF ilitoa tena akiba ya namna hiyo, Agosti 2021, safari hii dola bilioni 650. Marekani peke yake ilipata zaidi ya bilioni 110. Afrika nzima, nchi 54, ilipata kama bilioni 33. Naomba wasomaji wafanye hesabu ya kugawa, ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Marekani ilikuwa na watu kama milioni 330. Afrika ilikuwa na watu kama bilioni 1.4. Kila Mmarekani alihesabiwa dola zaidi ya 330, na kila Mwafrika dola chini ya 25. Baadaye mataifa tajiri yaliahidi kuzipatia nchi zenye shida sehemu ya akiba yao, hadi dola bilioni 100, lakini sehemu kubwa ni kwa njia ya mkopo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Ni kweli kwamba viti vimeongezeka. Septemba 2023 Umoja wa Afrika ulifanywa mwanachama wa G20, na Novemba 2024 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipata kiti cha tatu katika Bodi ya Utendaji ya IMF. Nawapongeza waliopigania jambo hilo. Lakini kiti si kura. Desemba 2023 wanachama wa IMF walikubaliana kuongeza hisa zote kwa asilimia 50, na uwiano ukaachwa ule ule. Marekani bado ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85. Maana yake ni kwamba nchi moja ikikataa, dunia nzima inarudi nyumbani mikono mitupu.

Wapo watakaosema kwamba anayechangia zaidi lazima asikilizwe zaidi. Sikatai kwamba mchango una uzito wake. Lakini katika chama cha ushirika cha msingi, aliyeleta kilo 2,000 za pamba na aliyeleta kilo 200 kila mmoja ana kura moja, na chama kinaendeshwa. Sidai kura moja kwa kila nchi katika IMF. Nadai kwamba idadi ya watu na ukubwa wa madhara yanayowapata iwe na uzito katika kugawa hisa na akiba.

Hivyo natoa mapendekezo mawili. Kwanza, Umoja wa Afrika uende G20 na dai moja la hisa linalokubaliwa na nchi zote, kwa sababu tukienda mmoja mmoja tutapewa ahadi za mkopo tu. Pili, mawaziri wetu wa fedha watueleze kabla ya kusafiri wanakwenda kudai nini, na wakirudi watueleze wamepata nini. Hayo yafanyike sasa, wakati hakuna moto. Moto ukishawaka, watakaogawa maji ni wale wale.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Maswa, Simiyu.